Mnyororo Uliolegea: Kisa cha Wahariri, Mafundi na Gia Moja

Nilipata fremu ya baiskeli ya milimani, ya mtumba, yenye gia 21 ambazo nne tu ndizo zilikuwa zinafanya kazi. Nikampelekea fundi. Nikamwambia, "Toa zote, tubaki na moja." Fundi akainama, akachungulia pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa kwenye fremu, akacheka. "Sawa kaka. Na mnyororo utaukazia wapi?"

Swali dogo, lakini lilinifungulia historia ambayo sikuitegemea. Nilidhani nitasoma habari za skrubu na springi tu. Nikakuta ugomvi wa miaka mingi, na waliosikika zaidi ndani yake walikuwa wahariri na waandishi, watu wa kalamu kama sisi tunaokutana hapa.

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1880 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na karakana Manchester, alisajili hataza ya mnyororo wenye vigurudumu vidogo vinavyozunguka juu ya kila pini. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo unaopeleka nguvu nyuma. Kabla ya hapo, ile baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele ilikuwa na pedali kwenye gurudumu lenyewe. Hakuna mnyororo, hakuna cha kulegea. Ukianguka ulianguka kichwa mbele kutoka juu kabisa, lakini hilo ni tatizo lingine.

Mnyororo ukaleta usalama, ukaleta na usumbufu. Kila pini inalika kidogo kidogo, na ukijumlisha pini zaidi ya mia moja, mnyororo mzima unarefuka. Ukirefuka unaning'inia, na ukining'inia unachomoka kwenye meno, mara nyingi pale unapokanyaga kwa nguvu zako zote.

Utasema, si uukate tu? Hapo ndipo penye fumbo. Mnyororo una vipande vya aina mbili vinavyopishana, vyembamba na vipana, kila kimoja nusu inchi. Ukipunguza lazima utoe jozi, yaani inchi nzima, na inchi nzima inavuta gurudumu mbele kwa nusu inchi. Kwa hiyo watengenezaji wa zamani waliweka mfereji mrefu kwenye fremu, ekseli isogee mbele na nyuma humo. Fundi analegeza nati mbili, anavuta gurudumu nyuma, anakaza. Yeyote aliyekulia jirani na Black Mamba kule Kenya, au Phoenix huku kwetu Tanzania, ameshaona kazi hiyo ikifanyika chini ya mti kwa spana moja. Hata boda boda wa mwanzo, waliovusha watu mpakani Busia kwa baiskeli, waliishi kwa mfereji huo.

Sasa twende Ufaransa. Mjini Saint-Étienne alikuwako Paul de Vivie, mfanyabiashara wa hariri aliyejulikana zaidi kwa jina lake la uandishi, Vélocio. Mwaka 1887 alianzisha jarida lililokuja kuitwa Le Cycliste, na kwa miongo kadhaa aliandika kwamba mpanda baiskeli anahitaji gia zaidi ya moja. Eneo lake lina milima, na alichokiandika asubuhi alikuwa amekijaribu kwa miguu yake mwenyewe.

Upande wa pili alikuwako Henri Desgrange. Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka 1893 aliweka rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 35.325, na baadaye akawa mhariri wa L'Auto, gazeti la karatasi ya manjano lililoanzisha Tour de France mwaka 1903. Kwake gia nyingi zilikuwa fimbo ya wazee. Inasimuliwa kuwa mwaka 1902, katika majaribio ya milimani, Marthe Hesse aliyekuwa na baiskeli ya gia tatu alimwacha nyuma Edouard Fischer, bingwa aliyekuwa na gia moja. Desgrange hakubadilika. Alikuwa na gazeti na alikuwa na mashindano, na mwenye vitu hivyo viwili hahitaji kushinda hoja.

Basi kwa miaka na miaka wakimbiaji wa timu walifika chini ya mlima, wakashuka, wakafungua gurudumu la nyuma, wakaligeuza ili kutumia meno ya upande wa pili, wakakaza tena mnyororo kwa mkono, halafu ndipo wakapanda. Wakifika kileleni, wanarudia. Desgrange alipoachia uongozi kwa sababu ya ugonjwa mwaka 1936, Jacques Goddet akashika nafasi yake, na mwaka 1937 kibadilisha gia kikaruhusiwa. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Roger Lapébie. Vélocio hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1930 baada ya kugongwa na tramu.

Kibadilisha gia kilikuja na jibu lake la swali la fundi wangu. Meno madogo yanataka mnyororo mfupi, meno makubwa yanataka mrefu, kwa hiyo lazima kuwe na mkono wenye springi unaovuta sehemu inayozidi. Lakini jibu hilo halikushinda mara moja. Mwaka 1948 Gino Bartali alishinda Tour kwa mtambo wa Campagnolo usio na mkono kabisa. Alinyoosha mkono nyuma, akalegeza gurudumu huku baiskeli ikienda, akazungusha pedali kinyumenyume, mnyororo ukahama, gurudumu lenyewe likasogea kwenye mfereji wenye meno, kisha akakaza. Yaani gurudumu zima ndilo lililokuwa kikaza mnyororo! Nikifikiria mtu anafanya hivyo kwenye milima ya Alpi, nashukuru mimi ni msomaji.

Mwishowe mkono wenye springi ulishinda. Na uliposhinda, mfereji mrefu ukakosa kazi. Kuanzia miaka ya 1980 baiskeli nyingi za gia zikaanza kuwa na mfereji mfupi wa wima: ekseli inaingia juu moja kwa moja, inakaa sawa, haipindi hata ukanyage vipi. Ni kitu kizuri mpaka siku unapotaka kurudi kwenye gia moja. Gurudumu halisogei tena, ndiyo maana fundi alicheka.

Waliotaka kurudi walikuwa wengi kuanzia miaka ya 1990, na wao pia walipata mwandishi wao. Sheldon Brown, fundi wa duka la baiskeli Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, aliandika makala nyingi, fupi na zenye utani, akieleza mambo haya kwa mtu wa kawaida. Wengi wetu tuliojaribu tumejifunza kwake, moja kwa moja au kwa kusimuliwa.

Basi uchaguzi ukoje? Kuna kikaza kilichofungwa kwa skrubu: unakiweka, kinabaki hapo, lakini mnyororo ukirefuka unarudi kukirekebisha. Kuna cha springi, kinachojirekebisha chenyewe. Kingine kinasukuma mnyororo chini, kingine kinausukuma juu. Ninapendelea kinachosukuma juu, kwa sababu mnyororo unakumbatia meno mengi zaidi na hauruki kirahisi. Na kuna njia ya maskini: kibadilisha gia kilekile cha zamani, ukitoa waya na kukaza skrubu yake ya kikomo hadi kikae sawasawa chini ya meno uliyochagua.

Lakini kuna jambo moja lisilo na mjadala, na karibu nilikosee. Fundi alikuwa na habu ya breki ya kurudisha pedali nyuma, imara kweli, akataka kunifungia. Ukiwa na habu hiyo, unapofunga breki ni sehemu ya chini ya mnyororo inayovutwa, na hiyo ndiyo sehemu anayokaa kikaza. Springi itasalimu amri, au kikaza kitapinda, na mnyororo ukichomoka huna breki ya nyuma tena, uko kwenye mteremko. Vivyo hivyo kwa gia isiyo na friwili, ile ambayo pedali hazisimami gurudumu likizunguka. Kwenye fremu ya mfereji wa wima, gia isiyo na friwili inaweza kutumia habu ya ekseli isiyo katikati, ambayo unaizungusha ili gurudumu lisogee. Kikaza kinafaa tu penye friwili na breki isiyotegemea mnyororo. Tulijadiliana nusu saa. Mwisho fundi akairudisha habu yake kwenye debe.

Tukabaki na njia ya maskini. Akakata waya, akakaza skrubu, akafupisha mnyororo, akaupitisha kwenye kile kimkono cha zamani. Kwa hiyo baiskeli yangu ina gia moja kama alivyotaka Desgrange, na inashikiliwa isianguke mnyororo na mkono uleule alioukataa.

Siku ya kwanza nilifika mlimani, nikakanyaga, nikakanyaga, nikashuka nikasukuma. Mnyororo haukulegea.