Wa Kufa na Kuzikana: Baba na Wenzake Mjini

Vijana wenzangu, historia ya shuleni tumeikariri vizuri. Maji Maji 1905, TANU 1954, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, na mtihani tukafaulu. Lakini hebu mtu atuulize historia ya Jumapili ya baba zetu, hapo tunabaki kukuna vichwa. Alikuwa akienda wapi yule mzee, shati limepigwa pasi, viatu vinameta, mama kanuna uani na watoto wanalia kumfuata? "Nakwenda kwa wenzangu." Basi, jibu ndilo hilo.

Hukumu inayotolewa kila siku juu ya wazee hawa ni nyepesi mno: eti walikuwa watu wa starehe, mshahara wa kwanza wa marafiki, wa pili wa nyumbani. Makala haya yanataka kuipinga hukumu hiyo, ingawa si yote. Baba zetu hawakuwa malaika, na nitafika hapo. Ninachosema ni kwamba matembezi ya baba na wenzake, na siku kubwa za familia, yaani kuzaliwa mtoto, kumpa jina, jando, harusi na msiba, vilikuwa kitu kimoja. Ukitenganisha viwili hivyo huielewi Dar es Salaam, wala huielewi nyumba uliyozaliwa.

Kiswahili chetu kina msemo: rafiki wa kufa na kuzikana. Siku hizi tunautamka kama pambo la maneno. Kwa watu walioujenga mji huu halikuwa pambo hata kidogo. Ulikuwa mkataba.

Tuanze na mji wenyewe. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Watu wakamiminika: Wazaramo wa jirani, Warufiji, Wanyamwezi, Wamanyema, na wengine chungu nzima. Kazi ilikuwepo bandarini, kwenye reli na majumbani kwa Wazungu. Mshahara je? Mshahara ulikuwa wa tumbo moja. Hesabu ya mkoloni ilikuwa rahisi: huyu bwana mke na watoto wake wako shamba, wanalishwa na jembe, kwa hiyo mpe cha kumtosha yeye peke yake. Waingereza waliowafuata Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea na hesabu hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Sasa mtu anakaa chumba kimoja cha kupanga katika nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kwao, mtoto akizaliwa ukoo mzima unajua la kufanya. Akifa mtu, ukoo unajua nani anaosha maiti na nani anachimba kaburi. Mjini nani atafanya? Nani atanunua sanda? Hapo ndipo penye siri ya baba na wenzake. Yule asiyekuwa na ukoo mjini ilimbidi autengeneze, na udongo wa kuutengenezea ulikuwa marafiki.

Jibu mojawapo la zamani lilikuwa utani. Mtani wako alikutukana mchana, na siku ya msiba wako alikuwa wa mbele kwenye shughuli za mazishi. Jibu jingine lilikuwa ngoma ya beni. Ngoma hii ilizuka pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikasambaa na askari na wapagazi hadi ndani kabisa ya bara. Dar es Salaam kulikuwa na mashindano makali ya pande mbili, Marini na Arinoti. Watu wazima walivaa sare, wakapuliza tarumbeta, wakajipa vyeo vikubwa vikubwa vya kijeshi na vya kifalme. Kijana wa leo akisikia hayo anacheka. Kuli wa bandarini kujiita Jenerali! Lakini usicheke upesi. Nyuma ya tarumbeta kulikuwa na daftari la michango. Mwanachama akiugua, akioa au akifa, wenzake wa beni walikuwa na wajibu naye. Jenerali wa Jumapili ndiye aliyejua Jumatatu nani hana sanda.

Beni ilipofifia, kazi yake haikufa. Ilihama. Mwaka 1935 ilianzishwa Young Africans, hii Yanga yetu, na mwaka 1936 ikafuata ile iliyoitwa baadaye Sunderland, ambayo tangu 1971 ni Simba. Tunazijua kwa magoli na kwa ugomvi wa kila msimu. Wazee walizijua kwa mengine pia. Klabu ilikuwa mahali pa kukaa: kahawa chungu na kashata, bao linagongwa, mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, kelele kama sokoni. Mwanachama akifiwa, habari ilianzia hapo na michango ilianzia hapo. Ndiyo maana mzee wa Yanga akimwoza binti, wana-Yanga wanajaa uwanjani kwake kama vile bibi harusi ni wa kwao. Kwani si wa kwao?

Muziki wa dansi nao ukaingia katika njia hiyo hiyo. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja Kilwa Jazz na Western Jazz, na majina yenyewe yanakuambia: mmoja anakumbuka Kilwa, mwenzake anakumbuka jimbo la magharibi. Mtu alikwenda dansini kucheza, sawa, lakini pia kuonana na waliozungumza kwa lafudhi ya kwao.

Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda reli ukaingia bara. Mtu anayelipwa kwa kutwa anagomaje? Akikaa siku tatu bila kazi watoto wanakula nini? Kwa maoni yangu hawezi kugoma kama hana watu wa kumkopesha unga, na watu wa namna hiyo hawapatikani siku ya mgomo. Wanapatikana kabla, kwenye bao na kwenye kahawa, Jumapili baada ya Jumapili.

Na mama alikuwa wapi? Kosa kubwa la kusimulia habari za wazee wanaume ni kumwacha mama uani amenuna, kama nilivyomwacha mimi pale juu kwa makusudi. Mama naye alikuwa na wenzake. Alikuwa na lelemama yake, alikuwa na upatu wake, alikuwa na shoga zake wa kufa na kuzikana. Mwaka 1955 TANU ilipotafuta wanawake, Bibi Titi Mohamed hakupita mlango kwa mlango. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kina mama wakaingia kwenye chama kwa maelfu. Kwa hiyo katika nyumba moja kulikuwa na mikataba miwili, wa baba na wa mama. Mtoto akizaliwa pande zote mbili zilikuja, hawa na mchele, wale na mbuzi.

Baada ya Uhuru matembezi yakapata sura mpya. Ufuko wa Oysterbay, kwenye mtaa ambao Waingereza waliujenga miaka ya 1930 kwa ajili ya maofisa wa Kizungu, sasa baba anakwenda na familia yake, mwenzake na familia yake, wanakaa mchangani wanakula mihogo. Usidharau kitu hicho. Baba wa wazee hao, kama aliwahi kufika mtaa ule, alifika kama boi au mtunza bustani. Mwaka 1966 likafunguliwa sinema la magari pale Msasani, mahali ulipojengwa baadaye ubalozi mpya wa Marekani baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998. Mwenye gari aliwapakia marafiki na watoto wao mpaka milango ikagoma kufungwa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na baadaye mashirika, polisi na jeshi wakawa na bendi zao, wanamuziki wakiwa na mishahara kama makarani. Na kwa kuwa hatukuwa na kiwanda cha sahani za santuri, nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, na redio ya jirani mmoja ilihudumia mtaa mzima.

Sasa ikaja miaka ya shida. Vita vya Kagera, kuanzia Oktoba 1978, viliwachukua baba wengi, na wengine hawakurudi. Mafuta yakawa adimu hata magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Mwaka 1983 ukafuata msako wa walanguzi, na watu wakaogopa hata kuonekana na mfuko mzito. Hebu fikiri: binti anaolewa mwaka huo. Pilau itatoka wapi? Vitenge vitatoka wapi? Harusi haiahirishwi kwa sababu dukani hamna kitu!

Hapo mkataba ukafanya kazi. Mmoja ana shemeji yake Morogoro mwenye mchele. Mwingine anafanya kazi karibu na duka la ushirika, anajua siku ya sukari kuingia. Wa tatu hana kitu ila ana mikono, atabeba na kukaa foleni tangu alfajiri. Harusi ikapita, watu wakala, na asubuhi hakuna aliyeuliza vilitoka wapi. Yale mazungumzo ya Jumapili ambayo mtoto aliyaona ya kupoteza muda ndiyo yaliyoleta mchele.

Ushahidi mwingine uko mdomoni mwako mwenyewe, ndugu msomaji. Hesabu baba wadogo na wajomba uliowaamkia shikamoo ulipokuwa mtoto. Wangapi ni wa damu? Utakuta nusu yao ni wale wale wa kwenye bao, wa kwenye bendi, wa kazini. Hakuna aliyekuambia kwamba si ndugu, kwa sababu hakuna aliyeona haja. Urafiki wa baba uligeuka ukoo wako bila hata kikao.

Haya, tufike kwenye yale niliyoahidi. Mkataba huu ulikuwa na bei, na mara nyingi aliyelipa si aliyeuandika. Kuna nyumba nyingi ambazo pesa ya Jumapili iliishia kwenye bia, na Jumatatu mama akachoma maandazi watoto wapate daftari. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, lakini sare haikufutwa. Baba akawa mwepesi kumchangia mwenzake hadharani, mbele ya macho ya watu, na mzito kutoa nyumbani ambako hakuna wa kumpigia makofi. Tukimsifu kwa harusi alizosaidia, tuandike na maandazi pia. Bila maandazi hesabu haijakamilika.

Leo je? Miaka ya 1990 mashirika yalibinafsishwa na wafanyakazi wakapunguzwa, na baba wengi wakapoteza kazi na wenzao wa kazini kwa siku moja. Kamati za harusi na kadi za michango zikashika nafasi. Tangu 2008 pesa inatumwa kwa simu, na siku hizi kila msiba una kundi lake kwenye WhatsApp. Tusidanganyane kwamba mambo yamekufa. Daftari la beni limeingia kwenye simu, basi. Ila kuna tofauti moja inayoniuma. Mkataba wa wazee ulidai mwili wako: uje, ukae, uchimbe, ulale matangani. Wa kwetu unaridhika na muamala. Umetuma? Umetuma. Umezika? Kimya. Tunakufa pamoja lakini hatuzikani.

Wazee waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940 wanapukutika. Kwenye makabati yao kuna picha za studio, wanaume watatu wamesimama, mkono begani, nyuma pazia lililochorwa bahari. Wa katikati ni baba yako. Wa kulia na wa kushoto ni nani? Nani alilipia mbuzi siku ulipopewa jina? Nani alimchimbia kaburi babu yako? Majibu hayamo kwenye kitabu chochote cha shule, na hakuna profesa atakayekuja kuyachukua mtaani kwetu. Kazi hiyo ni yetu sisi wenye kalamu na wazee ndani ya nyumba moja.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, funga gazeti hili, tafuta daftari, kaa chini na mzee wako, baba au mama, na uanze na swali dogo tu: "Wenzako walikuwa nani?" Halafu nyamaza, mwache aseme.