Lupango yenye mizizi: miti ya ua katika milima ya baridi ya Kivu

Hapa kwetu Kongo, neno lupango linafanya kazi mbili. Ni fito na matete yanayozunguka nyumba, na tena ni ule uwanja wenyewe uliozungushwa. Mtu akisema amenunua lupango, hakuna anayefikiri kwamba amenunua fito. Kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi neno urugo limekwenda mbali zaidi: ni ua, ni nyumba, ni watu wa jamaa moja wanaokaa ndani yake, hata kuoa na kuanza maisha kunaitwa kujenga urugo. Watu wa Buganda wanasema olugo, neno lile lile la mababu. Inaonekana basi kwamba kwa watu wa Maziwa Makuu ua haukuwa kitu cha pembeni. Ndiyo maana tumeona vema kuuliza swali ambalo siku hizi limeachiwa mafundi tu: wazee walichagua mti gani, na kwa nini?

Kwanza tuseme neno juu ya baridi. Msomaji wa Kindu au Kisangani atacheka, atasema baridi iko Ulaya. Lakini katika milima ya Masisi, Lubero, Kabare na Itombwe kuna watu wanaokaa kwenye mita 2000 na hata zaidi. Usiku bila moto hulali vizuri, ukungu unachelewa kuondoka asubuhi, na mvua inapumzika kidogo tu katikati ya mwaka. Katika inchi ya chini, adui mkubwa wa nguzo ni mchwa. Huku juu mchwa wanapungua, lakini maji hayaishi, na kazi yao inafanywa na uozo.

Uozo una tabia yake. Ng'oa nguzo ya zamani uangalie: ncha iliyokuwa chini kabisa mara nyingi ingali ngumu, sehemu ya juu iliyopigwa na upepo ingali ngumu, lakini shingoni, pale inapotoka katika udongo, imekwisha. Ule uyoga unaokula mti unahitaji maji na hewa pamoja. Chini sana hewa ni kidogo; juu, mti unakauka haraka; kwenye usawa wa udongo vyote viwili viko karibu siku zote. Tena uyoga unaanza na nyama nyeupe ya nje, kiini chenye rangi ya giza kinachelewa kuliwa. Mkaratusi kijana, ule wa bei rahisi unaouzwa kando ya barabara, karibu wote ni nyama nyeupe. Mtu anasimamisha fito zake kwa furaha, misimu michache ya mvua inapita, siku moja jirani anaegemea ili asalimie vizuri, ua unalala chini pamoja naye. Mianzi ya mlimani ni mizuri kwa kusuka, lakini ikigusa udongo haina maisha marefu. Wengine wanachoma ncha ya nguzo kwenye moto kabla ya kuichimbia. Inasaidia kidogo, si zaidi. Makaa ni ngozi nyembamba, yakipasuka maji yanaingia. Afadhali kuweka mawe madogo chini ya shimo, kupandisha udongo kuzunguka nguzo ili maji yakimbie, na kama pesa iko, kutafuta kiini cha mti mzee.

Wazee walikuwa na njia nyingine, na kwa maoni yetu inapita zote hizo: kuchimbia nguzo inayokataa kufa.

Miti ya namna hiyo ni michache na inajulikana. Majina yanabadilika kutoka kilima hadi kilima, kwa hiyo tutatumia yale ya Kinyarwanda ambayo yameandikwa sana katika vitabu. Uko umuvumu, wa jamaa ya mitini, ambayo gome lake lilipigwa likawa nguo kabla ya vitambaa vya Wazungu. Uko umuko wenye maua mekundu na miiba. Uko umuhati, mwembamba, wenye majani marefu kama panga, ambao unapandwa sana kwenye mipaka ya mashamba. Uko umubirizi, ule wa majani machungu ambayo mama zetu wanachemsha kwa dawa. Katika sehemu zisizo za juu sana uko pia umuyenzi, usio na majani ya kuonekana, wenye maziwa meupe. Huo ni ua mzuri dhidi ya mbuzi, lakini maziwa yake yakiingia katika jicho ni hatari kweli, na hatuushauri pale penye watoto.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka mwezi wake. Matawi manene kama mkono, marefu kupita mtu, yanakatwa wakati mvua inakaribia kurudi, mnamo mwezi wa tisa. Yale yenye maziwa yanaachwa kivulini siku chache ili kidonda kikauke, yasioze shimoni. Kisha yanachimbiwa kama nusu mita, na hapa fundi kijana anakosea mara nyingi: lazima upande uliokuwa karibu na shina ndio uende chini. Fito za kulala zinafungwa kwa kamba, matete yanajazwa katikati. Matete yataoza na kubadilishwa, fito vilevile; nguzo zenyewe zinashika mizizi, na shingo ile inayoua nguzo iliyokufa, kwa nguzo hai ndiyo inayonenepa. Kila mwaka matawi ya juu yanakatwa, yanakuwa kuni, na majani ya umuvumu mbuzi wanayapenda. Tena katika tawi moja lililokatwa unapata nguzo mpya ya kuziba pengo.

Umuko una heshima ya pekee. Katika hadithi za Lyangombe, zinazosimuliwa Bushi na Rwanda na kwingine katika Maziwa Makuu, mwindaji huyo mkubwa anapigwa na nyati na kufia kwenye mti huo, na tangu hapo waliomfuata wakakusanyika chini yake. Kwa hiyo mti mmoja ulikuwa nguzo ya ua na pia mahali pa ibada. Wamisionari hawakuupenda, kama mnavyojua.

Nani atathibitisha kwamba ua wa namna hiyo unadumu? Wafalme wa Rwanda watathibitisha. Zamani walihama mara kwa mara; ni katika mwisho wa karne ya 19 tu Nyanza ilianza kuwa makao ya kudumu. Nyumba zao zilikuwa za fito na majani, zimeoza zote. Lakini miti ya ua ilikuwa imeota, ikawa mivumu mikubwa, na mahali pale panaitwa ibigabiro. Nyumba imekwisha, mfalme amekwisha, ua ungali umesimama. Burundi nako mambo ni hayo hayo, na wanahistoria wameitumia miti hiyo kutafuta makao ya zamani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika Bushi, ardhi ilipatikana kwa mwami au kwa mjumbe wake kwa njia ya kalinzi. Mtu alitoa ng'ombe au zawadi nyingine mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo shamba likawa lake na la watoto wake, maadamu alimheshimu aliyempa. Bwasa ni habari nyingine: unapewa kipande kwa muda, unalima, unavuna, unarudisha. Mwenye bwasa alipanda maharagwe, mtama, viazi. Hakuruhusiwa kupanda kitu kinachokaa, wala mgomba, wala kahawa, wala mti. Maana mti ukikua utasema kwamba aliyeupanda ni mwenye mahali.

Tukifuata kanuni hiyo mpaka mwisho wake, tunaona kwamba kuchagua mti wa ua hakukuwa shauri la ufundi peke yake. Nguzo iliyokufa ilikuwa halali kwa kila mtu. Nguzo yenye mizizi ilikuwa halali kwa mwenye kalinzi. Mgeni alijenga kitu cha kuoza kwa sababu hakupewa haki ya kitu cha kudumu. Na kwa kuwa kalinzi kwa desturi ilikwenda kwa wanaume, mama zetu walilima maisha yao yote ndani ya ua ambao hawakuwa na haki ya kuupanda. Wale wanaosifu desturi bila kutaja hilo wanasimulia nusu.

Wabelgiji walileta karatasi. Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, likapewa uwezo wa kugawa ardhi kubwa kwa walowezi, na mikaratusi ikaenea kwenye vilima. Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Leta. Juu ya ardhi za desturi iliahidi amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutoka. Sheria hiyo hiyo ilisema kwamba cheti cha kuandikishwa kikimaliza miaka miwili hakiwezi tena kupingwa. Mtu wa mjini akapata cheti, akaja na seng'enge, na wakaaji wa kilima wakasikia habari miaka miwili ikiwa imekwisha kupita. Mihati ya mpaka ilikuwa palepale, lakini ofisini mti hauna mhuri.

Siku hizi aliye na uwezo anajenga ukuta wa sima. Goma, ambako Nyiragongo ilitapika tarehe 17 Januari 2002, kuchimba shimo la nguzo juu ya mwamba ule ni kazi bure, kwa hiyo watu wanapanga mawe meusi ya volkano, na ni ua mzuri. Hatuwalaumu. Lakini vijijini, ambako vita vya tangu miaka ya 1990 vimewafukuza watu mara nyingi, tunashauri miti ya wazee, na tunashauri ipandwe mbele ya jirani wote, wanaume na wanawake, mwenye karatasi na asiye nayo. Watu wakikimbia, fito na mbao ndizo za kwanza kwenda motoni. Umuvumu na umuko vikikatwa kwa panga, shina linachipua tena mvua ikirudi. Anayetaka kuuondoa mpaka wa namna hiyo inabidi achimbe mizizi, mti baada ya mti, na mashimo yake kilima kizima kitayaona.