Redio za habari New York: Husikilizwa zaidi siku jiji linapotikisika

UMEME ulipokatika jijini New York, Marekani, jioni ya Novemba 9, 1965, televisheni zilizimika, taa za barabarani zilikufa na treni za chini ya ardhi zilisimama njiani zikiwa zimejaa abiria waliokuwa wakirejea makwao kutoka kazini. Chombo kilichoendelea kuzungumza na wananchi kilikuwa ni redio ndogo ya transista, ile inayotumia betri.

Hitilafu hiyo, ambayo chanzo chake kilikuwa kituo cha kufua umeme upande wa Canada, karibu na maporomoko ya Niagara, iliwaathiri watu wapatao milioni 30 katika majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario. Katika baadhi ya maeneo giza lilidumu kwa zaidi ya saa 12. Vituo vya redio vilivyokuwa na jenereta, au vilivyokuwa na mitambo nje ya eneo lililokumbwa na giza, ndivyo vilivyowaeleza wakazi kilichotokea na kuwataka wasihamaki.

Tukio hilo liliipa nguvu hoja ambayo wakati huo ilikuwa bado inabishaniwa na wafanyabiashara wa utangazaji: kwamba jiji kubwa linahitaji kituo cha redio ambacho kazi yake ni moja tu, yaani kusoma habari usiku na mchana.

Dakika 22 za kuupata ulimwengu

Miezi saba kabla ya giza hilo, Aprili 19, 1965, kituo cha WINS kinachosikika katika masafa ya kati ya 1010, wakati huo kikimilikiwa na kampuni ya Westinghouse, kiliachana na muziki na kuanza kutangaza habari tupu. Septemba 21 mwaka huo huo, kampuni hiyo ilifanya mageuzi kama hayo katika kituo chake cha KYW cha Philadelphia.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Mwaka 1961, mfanyabiashara wa utangazaji Gordon McLendon alikuwa amekwisha kulijaribu kwa kutumia kituo cha XETRA kilichokuwa Tijuana, Mexico, kwa ajili ya wasikilizaji wa kusini mwa California. Hata hivyo, ni vituo vya Westinghouse vilivyothibitisha kwamba utaratibu huo unaweza kudumu katika miji mikubwa.

Kaulimbiu iliyoipatia WINS umaarufu ilikuwa ni ahadi: msikilizaji akiipa redio dakika 22, naye atapewa ulimwengu mzima. Wengi waliichukulia kuwa ni majigambo ya kibiashara, lakini kwa hakika ilikuwa ni maelezo sahihi ya namna redio ya habari inavyotumika. Mtu huifungua akinyoa ndevu au akiwa kwenye foleni ya magari, akakisikia kile anachokitaka, kisha akaifunga ama akahamia kwenye muziki. Kaulimbiu hiyo haikumwomba akae kutwa nzima. Ilimwomba arudi kesho.

Mshindani wake, WCBS ya masafa ya 880, alianza kutangaza habari Agosti 28, 1967, katika mazingira ya ajabu. Siku moja kabla, ndege ndogo iliugonga na kuuangusha mnara wake uliokuwa katika kisiwa cha High Island, eneo la Bronx. Kituo kilichotarajia kuwaletea watu habari kikajikuta chenyewe kimekuwa habari, na kikalazimika kuanza kwa kutumia masafa ya FM ya ndugu yake wa 101.1.

Ushindani wa vituo hivyo viwili uliwafundisha wakazi kuzitegemea saa zao. WCBS ilitangaza hali ya barabara na hali ya hewa kila dakika inayoishia na nane, na WINS ikachagua dakika zinazoishia na moja. Hayo nayo yalikuwa ni matangazo ya kujinadi, ila yalijinadi kwa kitu ambacho msikilizaji angeweza kukihakiki mwenyewe kila baada ya dakika 10.

Wengi huja, wachache hukaa

Ili kuielewa biashara hii, ni lazima kutofautisha mambo mawili yanayopimwa: idadi ya watu waliokifungua kituo angalau kwa muda mfupi katika wiki, na muda ambao kila mmoja wao amekaa nacho. Redio ya habari hushinda katika jambo la kwanza na kushindwa katika la pili. Kituo cha muziki kinaweza kuwa na wasikilizaji wachache zaidi, lakini wakakaa nacho kutwa.

Kwa miaka mingi kampuni ya Arbitron ilipima usikilizaji kwa kuwapa watu waliochaguliwa kijitabu cha kuandika, kwa muda wa wiki moja, vituo walivyovisikiliza. Hesabu zilijumlishwa na kutolewa kama wastani wa miezi kadhaa. Kutokana na utaratibu huo, siku moja ya msiba mkubwa, ambayo huenda nusu ya jiji ilikimbilia redioni, ilizama ndani ya wastani wa siku 90 za kawaida.

Mwaka 2008, jijini New York vijitabu hivyo vilianza kuondolewa na mahali pake pakachukuliwa na kifaa kidogo cha kubebwa, kinachonasa alama za sauti zisizosikika kwa sikio zilizofichwa ndani ya matangazo. Kifaa hicho hakitegemei kumbukumbu ya mtu. Kiliweza kuonyesha mapema zaidi jinsi watu wanavyohamia kwenye habari wakati wa dharura na jinsi wanavyoondoka hali inapotulia.

Asubuhi ya Septemba 11

Septemba 11, 2001, ndege ya kwanza iliyotekwa iligonga jengo la kaskazini la World Trade Center saa 2:46 asubuhi. Ripota wa foleni wa WCBS, Tom Kaminski, aliyekuwa angani katika helikopta akiangalia hali ya barabara kama kawaida yake, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwaeleza wananchi kwamba jengo hilo linawaka moto.

Juu ya paa la jengo hilo ndipo ziliposimikwa antena za vituo vingi vya televisheni vya jiji pamoja na baadhi ya vituo vya FM. Lilipoporomoka, matangazo hayo yalikatika kwa watazamaji waliotegemea antena za kawaida. Wahandisi sita wa vituo vya televisheni waliokuwa kazini huko juu walipoteza maisha. Redio ya umma ya WNYC ilipoteza mtambo wake wa FM, lakini iliendelea kusikika katika masafa ya kati.

WINS na WCBS zilinusurika kwa sababu moja ya kiufundi. Antena za masafa ya kati hazihitaji kuwekwa juu ya jengo refu. Huhitaji ardhi pana, na hufanya kazi vizuri zaidi penye maji maji. Mitambo ya WINS ipo Lyndhurst, New Jersey, na ile ya WCBS ilikuwa High Island. Teknolojia iliyodharauliwa kuwa ya kizamani ndiyo iliyobaki imesimama.

Miaka miwili baadaye, Agosti 14, 2003, saa 10:10 alasiri, umeme ulikatika tena na kuwaathiri watu wapatao milioni 50 katika majimbo manane ya Marekani pamoja na Ontario. Kwa mara nyingine watu waliokuwa wakitembea kwa miguu kuvuka madaraja kuelekea nyumbani walikusanyika kando ya magari yaliyoegeshwa, wakisikiliza redio zilizofunguliwa kwa sauti kubwa.

Kwa upande wa New Orleans, kimbunga Katrina kilipolikumba jiji hilo Agosti 2005, kituo cha WWL kiliungana na vituo vya washindani wake na kutangaza kwa pamoja. Ni katika WWL ndipo meya Ray Nagin, alipohojiwa Septemba 1, alipoilaumu kwa ukali serikali ya shirikisho kwa kuchelewa kutoa msaada, na maneno yake yakarudiwa nchi nzima.

Siku isiyo na faida

Hapa ndipo ulipo utata wa biashara hii. Siku ambayo redio ya habari husikilizwa na watu wengi kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo huenda isiingize fedha. Matangazo ya biashara huondolewa ili kupisha taarifa, na wafanyabiashara wenyewe hawapendi bidhaa zao zisikike katikati ya vilio. Wakati huo huo gharama hupanda: waandishi hulipwa saa za ziada, jenereta hula mafuta, helikopta hukaa angani.

Kujinadi nako kuna mipaka yake. Kituo kinachojisifu kuwa kimekuwa cha kwanza wakati watu wanatafuta ndugu zao huonekana hakina utu. Lakini kituo kisichotaja jina na masafa yake humwacha gizani mgeni aliyekifungua kwa mara ya kwanza. Njia ya kati ni kurudia jina, masafa, saa na yale ambayo yamethibitishwa, na kusema waziwazi yale ambayo bado ni tetesi. Tangazo la kweli hufanyika katika siku za amani, pale msikilizaji anapozoeshwa kujua, bila kufikiri, aizungushie wapi redio yake.

Kengele ya WCBS

Vituo hivyo viwili hasimu vilijikuta chini ya tajiri mmoja baada ya Westinghouse kuinunua CBS mwaka 1995. Mwaka 2017 vyote vikaingia mikononi mwa kampuni ya Entercom, ambayo mwaka 2021 ilibadili jina na kuwa Audacy. Kwa kampuni moja, kuendesha vyumba viwili vya habari katika jiji moja, huku mapato ya matangazo yakihamia kwenye intaneti, kulianza kuonekana kuwa ni mzigo.

Oktoba 2022, WINS iliongezewa masafa ya FM ya 92.3. Januari 2024 Audacy iliomba ulinzi wa mahakama kutokana na madeni. Agosti 12 mwaka huo ikatangaza kwamba WCBS itaacha habari, na Agosti 26, zikiwa zimesalia siku mbili kutimiza miaka 57, masafa ya 880 yakageuka kuwa ya michezo.

Si kila mahali hali ni hiyo. Kituo cha WTOP cha Washington, kilichohamia FM mwaka 2006, kilikuwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa vituo vya redio vinavyoingiza mapato makubwa kuliko vyote nchini humo, kikitangaza habari tupu.

Mjadala sasa umefika hadi kwa watengenezaji wa magari, baadhi yao wakiwa wameondoa masafa ya kati katika magari ya umeme kwa maelezo kwamba mota zake huleta mikwaruzo. Mei 2023, wabunge wa Marekani waliwasilisha muswada wa kulazimisha kila gari jipya liwe na masafa hayo, wakitaja usalama wa raia wakati wa majanga. Mwezi huo huo kampuni ya Ford ilibatilisha uamuzi wake wa kuyaondoa.

Kimbunga Sandy kilipoipiga pwani hiyo Oktoba 2012, karibu robo ya minara ya simu za mkononi katika maeneo yaliyoathirika ilizimika. Simu ikizimika, mkazi hurudi kwenye betri na mawimbi ya redio, kama ilivyokuwa mwaka 1965. Tofauti ni kwamba mwaka 2012 mkazi wa New York alikuwa na vituo viwili vya habari tupu vya kibiashara katika masafa ya kati. Leo anacho kimoja.