Kipande, Fomu na Amana ya Siri

Anayeitazama tarikhi ya Kakamega, tangu makao ya Wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini yalipohamishiwa huko kutoka Mumias hadi leo ambapo mji huo ni makao ya kaunti na ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ataona kwamba swali moja limeulizwa mezani pa makarani kizazi baada ya kizazi, nalo ni hili: mtu aliyekwisha kuthibitishwa katika afisi ya kwanza atatambulikaje katika afisi ya pili, ikiwa hiyo ya pili haikuwapo alipothibitishwa? Aghalabu jawabu limekuwa kumbebesha mtu mwenyewe ushahidi wake. Na katika namna ya kumbebesha ndimo ilimokaa haki, na ndimo ilimokaa dhulma.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya ilitungwa mwaka 1915, lakini kwa ajili ya Vita Vikuu haikuanza kutekelezwa mpaka 1919 na 1920. Kwa mujibu wake, kila mwanamume Mwafrika aliyekadiriwa kutimiza umri wa miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi iliyoitwa kipande, ambayo alitakiwa aichukue ndani ya kijaluba cha chuma, kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake, jina la mwajiri, siku aliyoanza kazi, mshahara aliopewa, na siku aliyoachishwa, pamoja na sahihi ya bwana aliyemwachisha; na asiyekuwa na sahihi hiyo alihesabiwa kuwa mtoro, akatafutwa na kushitakiwa. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wageni wakamiminika kupiga kambi na kuchimba katika ardhi ya wenyeji, na sheria ya ardhi iliyotungwa mwaka 1930 ikabadilishwa mwaka 1932 ili kuwafungulia njia, vijana wa nchi hiyo walioingia machimboni kutafuta kazi walikuwa tayari wanavaa habari za maisha yao vifuani.

La kuzingatia hapa ni kwamba kijaluba hakikuwa na kufuli. Mwajiri wa pili alisoma mshahara uliolipwa na wa kwanza, akapima kwa huo ujira atakaoutoa. Askari aliyemsimamisha mtu njiani alisoma yote yaliyomo, yanayomhusu na yasiyomhusu. Ndiyo sababu mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mwaka 1921, naye alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Mwaka 1947 sheria mpya ikaagiza wanaume wa kila rangi waandikishwe, na kipande cha shingoni kikaondoka. Na cheti kilichokirithi kilikuwa cha kumtambulisha mtu tu, bila kumsimulia maisha yake ya kazi mbele ya kila atakayekiangalia.

Miongo minne na kitu baadaye, swali lile lile lilizuka mahali pasipotazamiwa. Tim Berners-Lee alipoubuni mtandao wa kurasa katika maabara ya CERN, Geneva, aliifanya seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, iwe kama karani asiye na kumbukumbu: ukurasa unaombwa, unatolewa, na papo hapo mwombaji anasahauliwa. Kwa kusoma makala tu hapakuwa na kasoro yoyote. Lakini tangu mwaka 1993, seva zilipoanza kuendesha programu ndogo, yaani skripti, zenye kupokea yaliyojazwa katika fomu, ilidhihirika kwamba skripti ya pili haikujua lolote la yale iliyoambiwa skripti ya kwanza.

Tuitazame kwa karibu fomu ya kujiandikisha masomo yenye kurasa tatu. Katika ukurasa wa kwanza mwanafunzi anaandika jina na nywila. Skripti inazilinganisha na daftari lake, inaridhika. Inapoandaa ukurasa wa pili, wa kuchagua masomo, inalichomeka jina na nywila ile ile katika sehemu ya fomu isiyoonekana kwenye kioo, ili mwanafunzi akibonyeza kitufe, vyote viende pamoja kwa skripti ya pili. Na hiyo ya pili hufanya vivyo hivyo kwa ya tatu. Sehemu hizo za siri ziliwekwa rasmi katika kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa, mwaka 1995, nazo zina manufaa yake. Lakini hazionekani kwa asiyetazama tu, kwa maana yeyote anayeufungua msimbo wa ukurasa huisoma nywila herufi kwa herufi, na mwenye hila huweza kulibadilisha jina likawa la mtu mwingine kabla ya kuituma fomu. Vibaya zaidi ni fomu inayotumwa kwa njia ya GET, ambayo huyaandika yote katika anwani ya ukurasa. Na katika saiba ya mjini, ambako kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kutwa nzima, anwani hiyo hubaki katika orodha ya kurasa zilizotembelewa, ikimngoja mteja anayefuata. Hiki ndicho kijaluba kisicho na kufuli.

Njia ya kutokea ilianza kupatikana mwaka 1994, Lou Montulli wa Netscape alipobuni kuki, yaani alama ndogo ambayo seva humpa mgeni na kivinjari huirudisha kila mara. Na toleo la nne la PHP, lugha ya kuandikia skripti, lililotolewa mwaka 2000, likawarahisishia waandishi wa skripti kazi ya kufungua kikao, yaani muda ambao seva humkumbuka mgeni. Katika mpango huo nywila hutumwa mara moja tu, kwa njia ya POST, isiyoiandika katika anwani, tena ikilindwa na HTTPS. Daftari hubaki kwa seva. Na mtu huchukua namba ndefu isiyokisika, ambayo peke yake haisimulii lolote. Hata hivyo namba hiyo nayo ni amana, madhali anayeiiba huingia kwa jina la mwenyewe mpaka kikao kifungwe. Na pale seva mbili za taasisi mbalimbali zinapolazimika kupeana habari, fomu ingali ikitumika mpaka leo: kwa kanuni ya SAML 2.0 ya mwaka 2005, kivinjari hupeleka hati iliyotiwa sahihi ya kidijitali, yenye kushuhudia kwamba fulani amethibitishwa, bila nywila yake kutajwa.

Tangu eCitizen ilipoanza mwaka 2014, mkazi wa Kakamega hulipia na kuombea kwa fomu za mtandao mambo ambayo baba yake aliyapangia foleni. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeagiza kwamba zisikusanywe habari za mtu zaidi ya zile zinazohitajika. Kijana wa Masinde Muliro anayejifunza leo kuandika skripti anapaswa kuisoma sheria hiyo pamoja na tarikhi ya mji anaosomea, kwa kuwa zote mbili zinamfundisha jambo moja: afisi inayotaka kumkumbuka mtu ni juu yake kulitunza daftari, na anayehudumiwa asibebeshwe zaidi ya kile kinachotosha kumtambulisha.