.tel

.tel ni kikoa cha kiwango cha juu katika intaneti. Kilianzishwa ili kuhifadhi taarifa za mawasiliano za watu, makampuni na mashirika. Mwanzoni kilisimamiwa na Telnic, kampuni yenye makao yake London, Uingereza.

Historia

Telnic iliomba kikoa hiki kwa ICANN mwaka 2000, lakini ombi halikukubaliwa. Liliwasilishwa tena mwaka 2004, na mkataba ulitiwa saini mwaka 2006. Wenye alama za biashara walianza kujiandikisha Desemba 2008, na umma wote ukaruhusiwa Machi 2009.

Namna kinavyofanya kazi

Kwa kawaida mfumo wa majina ya vikoa (DNS) hutumika kutafuta anwani ya seva ambako tovuti imehifadhiwa. Katika .tel, taarifa zenyewe ziliwekwa ndani ya DNS. Namba za simu, barua pepe na anwani za tovuti zilihifadhiwa katika rekodi za aina ya NAPTR, maneno ya utafutaji katika rekodi za TXT, na mahali alipo mwenye jina katika rekodi za LOC.

Hivyo mtu hakuhitaji kujenga tovuti wala kulipia seva. Akibadilisha namba ya simu, alirekebisha rekodi mara moja tu, na kila aliyejua jina lake aliweza kupata namba mpya. Kwa kuwa rekodi hizo ni ndogo sana, zilisomeka haraka hata kwa simu yenye mtandao wa polepole.

Kasoro

* Mwenye jina hakuruhusiwa kulielekeza kwenye seva yake. Mgeni aliyefungua jina la .tel katika kivinjari alioneshwa ukurasa ulioandaliwa na Telnic, kwa hiyo kurasa nyingi zilifanana.
* Rekodi za DNS husomwa na yeyote, wakiwemo watumaji wa barua taka. Iliwezekana kuficha baadhi ya taarifa kwa usimbaji na kuwafungulia watu walioruhusiwa tu, lakini hilo lilihitaji hatua za ziada kwa pande zote mbili.
* Faida kubwa ingepatikana iwapo kitabu cha anwani cha simu kingesoma rekodi hizo chenyewe. Bila programu maalumu, mtumiaji alibaki kufungua ukurasa kama tovuti nyingine yoyote.
* Jina hulipiwa ada. Asiyelipa hulipoteza, na mtu mwingine anaweza kulisajili. Anayelitafuta kwa jina la zamani anaweza kumfikia mtu asiye sahihi.
* Awali majina ya tarakimu tupu yalikatazwa ili yasichanganywe na namba za simu.

Aidha, kikoa hiki kilifunguliwa wakati mitandao ya kijamii kama Facebook na LinkedIn ilikuwa ikienea. Mitandao hiyo iliwapa watu ukurasa wa mawasiliano bila malipo, ingawa taarifa zao zilibaki mikononi mwa kampuni moja.

Mabadiliko

Mwaka 2017 masharti ya matumizi yalilegezwa. Tangu hapo mwenye jina la .tel anaweza kulielekeza kwenye seva yoyote na kujenga tovuti anayotaka, kama ilivyo kwa .com. Kasoro ya kwanza iliondoka, lakini pamoja nayo ilipungua tofauti iliyokitambulisha kikoa hiki: mtu anayeona jina la .tel hana tena hakika kwamba atakuta namba ya simu.