Uji wa miezi mitatu na somo la Durban

Najua nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana. Leo naandika kwa sababu ya simu ya juzi. Mdogo wangu anasema mwanawe ana miezi mitatu, analia usiku kucha, na mama ameshasaga unga wa uji. "Dada, nimpe au nisimpe?" Mama, usikasirike, soma hadi mwisho.

Ninakaa katikati ya jiji, karibu na barabara iliyoitwa Point, siku hizi Mahatma Gandhi. Si mbali na hapa upo ukumbi ulikofanyika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI Julai 2000, wa kwanza kufanyika Afrika. Swali moja zito la miaka ile lilikuwa: mama mwenye virusi anyonyeshe, au asinyonyeshe?

Wengi walijibu haraka: ampe mtoto maziwa ya kopo. Lakini mwaka 1999 Anna Coutsoudis, Hoosen Coovadia na wenzao walichapisha utafiti uliofuatilia kina mama 549 wa hapa Durban. Kufikia miezi mitatu, watoto walionyonya tu bila kupewa kitu kingine, asilimia 14.6 walikuwa na virusi. Wasionyonya kabisa, 18.8. Walionyonya huku wakipewa maji, uji au maziwa mengine, 24.1! Kilichowaponza ni kuchanganya. Mwaka 2007 utafiti mwingine wa mkoa huuhuu ulionyesha kwamba mtoto anayenyonya akianzishiwa chakula kigumu mapema, hatari inapanda karibu mara 11 kuliko anayenyonya tu.

Hata hivyo serikali iliendelea kugawa makopo ya bure mpaka ilipotangaza kuacha, Agosti 2011. Mwenzangu mmoja mtu mzima alikuwa mmoja wa wagawaji. Siku moja tukinywa chai aliniambia: "Tuliwapa kopo, hatukuuliza maji wanachota wapi." Watoto walirudi wodini wakiharisha, wengine hawakutoka. Alinyamaza, nami nikanyamaza.

Mdogo wangu hana virusi, na siku hizi hata aliye navyo akitumia dawa vizuri ananyonyesha. Lakini somo ni la wote, na tangu 2001 Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita ya maziwa ya mama tu. Tumbo la mtoto ni dogo: kila kikombe cha uji mwepesi kinachukua nafasi ya titi, na maji yake yanaweza kuleta kuhara. Kulia usiku si lazima iwe njaa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na kama haongezeki uzito mpeleke kliniki.

Sasa mama, zamu yako. Ujuzi wako haujakosea, umewahi tu. Akifika miezi sita maziwa peke yake hayatoshi tena, na uji mwepesi ni maji matupu. Unakumbuka bibi alivyootesha ulezi kutengeneza kimea cha pombe? Miaka ya 1980 wataalamu wetu wa lishe Tanzania walihimiza kimea hichohicho: pika uji mzito, tia kijiko cha unga wa kimea, unalainika bila kuongeza maji. Mtoto anameza kwa urahisi na anashiba kweli. Ongezea karanga, dagaa au yai, na aendelee kunyonya hadi miaka miwili.

Basi mama, unga uufunge vizuri. Miezi mitatu si mingi. Nisalimieni wote, na mnitumie picha ya mjomba wangu mdogo!