Kovu la Vita na Sanduku la Kura: Tammy Duckworth, 2006 hadi 2016

Novemba 2006, wapiga kura wa eneo la 6 la uchaguzi huko Illinois, magharibi mwa jiji la Chicago, walimkataa mgombea ambaye Marekani nzima ilikwisha kumjua. Tammy Duckworth, meja wa Walinzi wa Taifa, alishindwa na Peter Roskam wa Republican kwa kura zisizofika 5,000. Miaka miwili nyuma, tarehe 12 Novemba 2004, helikopta ya Black Hawk aliyokuwa mmoja wa marubani wake ilipigwa kombora kaskazini mwa Baghdad. Miguu yote miwili ilipotea, na mkono wa kulia ukanusurika kwa shida.

Kushindwa huko kunaeleza siasa za maveterani vizuri zaidi kuliko ushindi wake wote uliofuata. Kwa kawaida husemwa kwamba utumishi wa kijeshi ni mtaji wa kisiasa. Ushahidi wa Illinois unaonyesha jambo finyu zaidi: jeraha la vita humpatia mgombea watu wa kumsikiliza, lakini kura zao bado huzitafuta kama mgombea mwingine yeyote.

Mwaka 2006 chama chake cha Democratic kilikuwa na hesabu zake. Vita vya Iraki vilikuwa vimewachosha wananchi, na chama kilichokuwa kikishutumiwa kuwa legevu katika ulinzi kilihitaji sura ambazo hakuna aliyeweza kuzituhumu kwa woga. Rahm Emanuel, aliyeongoza kampeni za chama za Bunge la Wawakilishi, na Seneta Dick Durbin walimhimiza Duckworth agombee kiti ambacho Henry Hyde wa Republican alikikalia tangu 1975 na sasa alikuwa akikiacha. Tatizo ni kwamba kiti hicho kilikuwa na mwenyewe ndani ya chama. Christine Cegelis alikuwa amepata takriban asilimia 44 dhidi ya Hyde mwaka 2004, na alikuwa na wafuasi waliomfanyia kazi nyumba kwa nyumba. Duckworth, aliyeishi nje kidogo ya mipaka ya eneo hilo, alishinda mchujo kwa tofauti ndogo. Hilo lilikuwa onyo ambalo wakuu wa chama hawakulizingatia vya kutosha.

Wapinzani hawakuligusa jeraha lake. Walimbana kwa kodi na uhamiaji, mambo yaliyozungumzwa kila siku katika kaunti ya DuPage, ngome ya Republican. Ushujaa haukuwa jibu la maswali hayo, na haukupaswa kuwa jibu.

Wala heshima ya vita si ngao. Max Cleland alipoteza miguu miwili na mkono mmoja Vietnam. Mwaka 2002, akitetea kiti chake cha useneta wa Georgia, alirushiwa tangazo la televisheni lililoonyesha picha za Osama bin Laden na Saddam Hussein huku likiutilia shaka msimamo wake kuhusu usalama wa nchi. Alishindwa na Saxby Chambliss, mtu ambaye hakupigana Vietnam. Ni moja ya kurasa za aibu katika siasa za Marekani.

Baada ya 2006 Duckworth aliongoza idara ya maveterani ya Illinois, kisha akawa naibu waziri mdogo katika wizara ya maveterani ya serikali kuu kuanzia 2009 hadi 2011. Aliporudi uwanjani mwaka 2012, safari hii katika eneo la 8 alikoishi, alikuwa na rekodi ya utawala ya kuzungumzia. Mbunge aliyekuwepo, Joe Walsh, alimlaumu hadharani kwa kuutaja mno utumishi wake wa kijeshi, akidai mashujaa wa kweli hawajitaji. Kauli hiyo ilimrudia mwenyewe. Duckworth alipata karibu asilimia 55.

Mkosoaji atasema, na kwa haki, kwamba mipaka ya eneo hilo ilikuwa imechorwa upya na Democratic waliotawala bunge la Illinois. Ni kweli, na mipaka ilimsaidia sana. Lakini mwaka 2016 aligombea useneta, uchaguzi usiokuwa na mipaka ya kuchora, akamshinda Mark Kirk, naye ofisa wa zamani wa akiba ya jeshi la majini. Ilipokuwa askari kwa askari, sare zilifutana, na wapiga kura wakabaki na sera, vyama na tabia za wagombea. Katika mdahalo wa Oktoba Kirk aliikejeli asili ya Kithai ya mama yake Duckworth, pale Duckworth alipotaja kwamba ukoo wake umetumikia jeshi tangu vita vya uhuru. Kirk aliomba radhi, lakini madhara yalikwisha kutokea.

Suala hili linazidi kuwa na uzito kwa sababu maveterani wamepungua katika Bunge la Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe. Leo hawafiki moja ya tano, kwani Marekani iliacha kuandikisha watu jeshini kwa lazima mwaka 1973. Zamani sare haikumtofautisha mgombea na mpinzani wake. Sasa ni adimu, na ndiyo maana vyama huwasaka maveterani na kuwapeleka katika maeneo magumu bila kuwaandalia mizizi, kama Duckworth alivyopelekwa DuPage.